Mercedes kwa Bei ya Axio

Yadi za magari kwenye Barabara ya Ngong huamka na maji. Kabla mteja wa kwanza hajafika, vijana wenye ndoo na vitambaa wamekwisha kuosha kila gari, wakapaka matairi dawa ya kuyatia weusi, na yale ya bei kubwa wakayageuza yatazame barabara. Hapo, katikati ya Fielder, Demio na Probox za kila siku, hapakosi Mercedes-Benz C200 nyeusi au BMW 320i nyeupe. Bei imebandikwa kiooni, nayo ndiyo humfanya mpita njia arudi hatua mbili nyuma. Inakaribiana na ya Toyota Axio iliyotoka Japani majuzi.

Mwenye yadi hajakosea hesabu. Saluni ya kifahari ya ukubwa wa kati, yaani C-Class, BMW Series 3, Audi A4, Lexus IS na jamaa zao, hupoteza thamani haraka kwa kuwa soko zima linajua kinachofuata. Gari hushuka bei, spea zake hazishuki. Taa ya mbele ya C-Class ya mwaka 2012 inabaki kuwa taa ya gari lililouzwa kwa mamilioni likiwa jipya, hata kama gari lenyewe sasa linaitishwa milioni moja na kitu. Mwenye gari akiona bili za gereji zinamzidi, mara nyingi huacha kutengeneza na kuanza kutafuta mnunuzi. Huyo mnunuzi naye huondoka yadini na vitu viwili: gari, na deni la matengenezo ambayo mwenzake aliyaahirisha. Kukagua gari la namna hii ni kulipima hilo deni kabla ya kulirithi.

Kulipima kwa utulivu si rahisi, maana Nairobi gari hili halijawahi kuwa chuma tu. Tangu miaka iliyofuata uhuru, Afrika Mashariki iliwaita wakubwa wake Wabenzi kwa sababu ya gari walilopanda. Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri na maofisa wakuu wayaache magari makubwa na kutumia yasiyozidi cc 1800. Serikali ikaagiza Volkswagen Passat. Hilo ni gari la starehe, tena la Kijerumani, lakini baadhi ya waheshimiwa walisuasua kama watu walioambiwa wapande mkokoteni. Dalali wa Barabara ya Ngong anaielewa vizuri hisia hiyo. Hafungui boneti kwanza. Hufungua mlango wa dereva, akamkalisha "bosi" kwenye kiti cha ngozi, akawasha redio, kisha akanyamaza.

Swali la kwanza la maana liko mbali na usukani: gari hili limeishi wapi? Kiwango cha Kenya cha KS 1515:2000, kinachosimamiwa na shirika la KEBS, hakiruhusu kuingizwa nchini gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Mwaka 2025, kwa mfano, mpaka ulikuwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Hesabu hiyo humsaidia mnunuzi kuliko maneno yoyote ya dalali. C-Class ya kizazi cha W204 ilianza kuuzwa 2007, na saluni yake ikakoma kuundwa 2014. Bandari ya Mombasa ilikwisha kuifungia mlango miaka kadhaa iliyopita. Kwa hiyo W204 inayouzwa leo Kilimani au Lavington imekaa Kenya, imepanda matuta ya Kenya na kufunguliwa na mafundi wa Kenya, hata ikisifiwa vipi kwamba ni "kama imetoka Japani jana". BMW za F30 za mwanzo, zile za 2012 hadi 2015, ziko katika hali iyo hiyo.

Namba ya usajili huongeza ushahidi. Mfululizo wa KDA ulianza 2020, basi gari lenye KCP au KCU liliingia kabla ya hapo. Tuseme C180 ya 2011 ilisajiliwa nchini mwanzoni mwa 2018, na hati zake za Japani zinaonyesha kilomita 70,000. Kama ilikuwa ikitoka Ongata Rongai hadi mjini na kurudi siku za kazi, hata tukikadiria kwa huruma kilomita 12,000 kwa mwaka, kufikia mwanzo wa 2025 imeongeza 84,000. Odomita ikisoma 96,000, kuna mtu aliyeirudisha nyuma.

Kurudisha odomita ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, lakini kuufuta ukweli wote ni kazi kubwa zaidi. Gari lililopitia mnada wa Japani huwa na karatasi ya mnada yenye kilomita, michoro ya mikwaruzo na daraja la ubora, na daraja la R au RA humaanisha limepata ajali likatengenezwa. Hati ya kulitoa gari Japani nayo huandikwa kilomita. Kwa lililotoka Uingereza mambo ni mepesi zaidi. Namba yake ya zamani ikipatikana kwenye hati za awali, mtu aliye Nairobi anaweza kuiandika katika tovuti ya serikali ya Uingereza na kusoma bila malipo matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, pamoja na maili zilizosomwa kila mara na kasoro zilizoandikwa. Humo ndimo maili 90,000 zilizogeuka kuwa kilomita 90,000 zikivuka bahari hujitokeza. Na kama hati zote zimepotea, jambo ambalo lenyewe ni jibu la aina yake, fundi mwenye programu maalumu ya BMW au Mercedes anaweza kusoma kilomita zilizohifadhiwa katika kompyuta nyingine za gari, ambazo mrudishaji mvivu huwa hakuzigusa. Mashine ndogo ya kusoma hitilafu inayouzwa Luthuli Avenue haifiki huko.

Mwili wa gari nao husema. Ngozi ya usukani iliyong'aa na kulainika, mpira wa pedali ya breki uliolika upande mmoja, ubavu wa kiti cha dereva uliobonyea pale anapoteremkia: hayo hayaji kwa kilomita 60,000. Kiti kikiwa kimeshonwa ngozi mpya katika gari linalodaiwa kutumika kidogo, inafaa kuuliza sababu.

Nairobi ina ushahidi mwingine ambao miji mingi haina. Kwa sababu ya wizi wa vioo vya pembeni na taa, wenye magari huchonga namba ya usajili juu ya vioo, taa na hata madirisha. Mnunuzi makini huzunguka gari akisoma namba hizo moja moja. Kioo kimoja kisicho na namba kilibadilishwa, pengine baada ya wizi, pengine baada ya ajali. Kioo chenye namba ya gari lingine hakina maelezo mazuri. Namba ya chesisi nayo isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibandiko peke yake, kisha ilinganishwe na logibuku tarakimu kwa tarakimu.

Logibuku yenyewe haitoshi. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mamlaka ya usafiri na usalama ya NTSA hutoa nakala ya rekodi za gari kwa shilingi 550, na hakuna pesa zinazookoa nyingi kuliko hizo katika biashara hii yote. Rekodi huonyesha mwenye gari ni nani na kama kuna benki au kampuni ya mikopo iliyoandikishwa pamoja naye. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwenye yadi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu magari mengi pale si ya mwenye yadi. Yameachwa na wenyewe yauzwe kwa kamisheni, au bado yanadaiwa na aliyekopesha pesa za kuyaagiza. Mnunuzi akimlipa mwenye yadi, na mwenye yadi asimlipe mwenye gari, mgogoro huwa wa watu watatu na gari ni moja. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, ipo pia sajili ya kitaifa ambamo wakopeshaji huandikisha mali walizoshikilia. Mkopo usioonekana NTSA unaweza kuonekana huko.

Karatasi zikisimama sawa, ndipo injini iangaliwe. Sharti ni moja: iwe baridi. Muuzaji huambiwa mapema asiiwashe, na mnunuzi akifika huweka mkono juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Huo si ushamba. Injini ya M271, iliyofungwa katika C180 na C200 nyingi za W204, ina ugonjwa unaojulikana duniani kote: cheni ya taimingi hurefuka, na gia za kamshafti huliwa meno. Dalili yake ni mlio wa chuma kukwaruza kwa sekunde moja au mbili injini inapowashwa ikiwa baridi, kisha kimya. Injini ikishapata moto, haisikiki dalili yoyote. Muuzaji aliyelizungusha gari mtaani "ili betri ipate chaji" anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mnunuzi arudi kesho.

Kila ukoo una ugonjwa wake. Injini ya N20 katika BMW 320i na 328i za mwanzo za F30 ina reli za plastiki zinazoongoza cheni. Plastiki hiyo hukatika vipande vikaingia kwenye oili, na cheni ikiruka, injini nzima huwa ya kubadilishwa. Kuanzia 2015 hivi BMW ilianza kuleta injini ya B48 mahali pake, na mwenye hela ya kungoja hungoja hiyo. Audi A4 za B8 za karibu 2009 hadi 2011 zenye 2.0 TFSI zina sifa ya kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni, basi muuzaji aulizwe anaongeza lita ngapi kati ya sevisi moja na nyingine, na jibu lake lisikilizwe pamoja na uso wake. W204 ina kufuli ya usukani ya umeme ambayo siku moja hukataa tu kufunguka, na gari likabaki pale lilipoegeshwa. Kama ilikwisha kubadilishwa, risiti iwepo.

Na Toyota Mark X? Wapo watakaobisha kuwa si gari la kifahari, lakini Nairobi imekwisha kuamua vinginevyo. Toyota iliacha kuiunda Desemba 2019. Injini yake ya V6 ya lita 2.5, 4GR-FSE, ni ndugu moja na ya Lexus IS 250 na hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujikusanya kwenye vali za kuingizia hewa na injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Ni kasoro ya kusafisha, si ya kuzika gari. Tatizo kubwa la Mark X jijini ni tabia ya waliozimiliki: nyingi zimekimbizwa usiku, zikashushwa chini na kutobolewa ekzosi. Inayofaa kutafutwa ni ile ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuipendezesha.

Kuna hoja moja ambayo mnunuzi wa Nairobi husikia sana: gari halina nguvu kwa sababu ya mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ni kweli kabisa kwamba injini isiyo na turbo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hapa. Lakini turbo huuziba upungufu huo kwa sehemu kubwa. BMW 320i yenye turbo isiyoweza kupanda Waiyaki Way bila kulalamika haina ugonjwa wa mwinuko. Inavujisha hewa mahali, au turbo imechoka.

Chini ya gari ndiko barabara zilikoandika. Hapa anahitajika fundi na shimo la gereji au lifti, siyo kupiga magoti na tochi ya simu. Bushi za mikono ya mbele zilizopasuka, shoki zinazovuja na rimu zenye nyufa kutokana na mashimo ni mambo ya kawaida Nairobi, na yote yana bei inayoweza kuandikwa. Matairi ya BMW nyingi ni yale yanayoweza kwenda bila upepo, na gari huwa halina tairi la akiba. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: 3521 humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2021. Matairi manne ya majina manne na miaka minne tofauti humweleza mwenye gari kuliko yeye anavyojieleza.

Maji ni habari nyingine. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia katika maegesho na mitaa mingi ya jiji, na gari lililozama halisemi hivyo kwenye tangazo. Mkanda wa kiti uvutwe mpaka mwisho, kwa maana anayesafisha ndani ya gari hukumbuka mazulia akasahau mkanda. Zulia la buti liinuliwe. BMW huweka betri humo nyuma, Mercedes huweka humo sanduku la fyuzi na kompyuta yake, na kutu au ukungu mahali hapo ni sababu tosha ya kumshukuru muuzaji na kuaga.

Safari ya majaribio isiwe ya kuzunguka yadi. Njia nzuri iko karibu: kutoka Dagoretti Corner kushika Barabara ya Naivasha hadi Kawangware, ambako matuta, matatu na mikokoteni hulazimisha mwendo wa pole na breki za kila dakika. Hapo redio izimwe, madirisha yafunguliwe, milio ya bushi isikilizwe, na mshale wa joto utazamwe kwenye foleni. Kisha Gitanga hadi Lavington, kona za James Gichuru, na Waiyaki Way mpaka Westlands kwenye Expressway, barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani unaotetemeka au giaboksi inayobadilisha kwa kishindo hauna pa kujificha.

Fundi wa kulikagua gari asiwe wa yadi, wala asiwe binamu aliyezoea Toyota. Wapo wanaotosheka na ripoti ya thamani kwa ajili ya bima. AA Kenya, ambayo chimbuko lake ni chama cha wenye magari cha 1919, hufanya kazi hiyo, na makampuni mengine pia. Lakini kuthamini ni kazi moja na kukagua injini ni nyingine. Anayethamini hueleza gari lingelipwa kiasi gani likiibwa, na hana sababu ya kusikiliza cheni asubuhi.

Kabla ya kutaja bei, kuna matembezi ambayo wachache hufanya, nayo huvunja ndoto nyingi kwa faida ya mwenye ndoto. Mnunuzi hushuka mjini, akaenda Kirinyaga Road na vichochoro vya Grogan, akauliza bei ya vitu vitano vya gari analolitamani: taa ya mbele, rejeta, seti ya bushi na mikono ya mbele, kioo cha pembeni, giaboksi. Aulize mpya na iliyotumika, ya Japani na ya Dubai. Kwa Mark X atajibiwa papo hapo, na duka la pili litapunguza. Kwa Audi huenda akaambiwa angoje wakapige simu. Majibu hayo ndiyo bei halisi ya gari, na mwenye kurudi yadini na karatasi yenye tarakimu hizo huzungumza na dalali kwa lugha nyingine kabisa.

Jambo moja halina bei ya kujadiliwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofilisika 2017, ilifungwa katika mamilioni ya magari duniani, yakiwemo ya BMW, Mercedes na Toyota ya miaka hii tunayoizungumzia. Ikizeeka, hasa kwenye joto na unyevu, inaweza kulipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watengenezaji waliyaita magari hayo warekebishe, lakini barua za wito hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana, na aliyejulikana aliishi Osaka au Birmingham. Gari lilipopanda meli, barua haikulifuata. Kwa hiyo namba ya chesisi iangaliwe kwa mtengenezaji au wakala wake, na zaidi sana kama gari limewahi kukaa Mombasa.

Yakibaki malipo, yafanyike kwa benki na mkataba wa mauzo, na uhamisho ufanywe siku hiyo hiyo wote wawili wakiwa mezani: muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake ya eCitizen, mnunuzi hulikubali katika yake. Muuzaji anayetaka kukabidhi logibuku ya jina la mtu wa tatu "aliye safarini" hajafika wakati wa kulipwa. Na funguo ziwe mbili. Ufunguo wa Mercedes huagizwa kwa namba ya chesisi na uthibitisho wa umiliki, hauchongwi kibandani River Road, kwa hiyo ukikosekana mmoja, gharama yake ikatwe kwenye bei, na muuzaji aulizwe ule wa pili uko kwa nani.